Nimefuta

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na nyingine ipokee juu yake, maana ile ya mwisho niliitoa kwenye simu huku natafuna, ukasema haina hesabu. Habari za hapo nyumbani? Shemeji hajambo, na lile goti lake linalotabiri mvua bado liko kazini? Watoto nao? Yule mkubwa mwambie mjomba wake hajaisahau ahadi ya mpira, ila ahadi ndiyo imemsahau mjomba. Mama mpe shikamoo yangu ya magoti yote mawili, lakini usimsomee barua hii mpaka uimalize wewe kwanza. Ukishaimaliza utajua kwa nini.

Mimi huku mwili ni mzima. Nakula, nalala kiasi. Sehemu iliyobaki utaisikia mbele.

Najua umeigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza ni ya nani, kwa sababu mimi na karatasi tuliachana zamani, siku nilipoliacha darasa likiwa bado linanihitaji. Usiishangae pia hiyo gundi iliyopakwa mara mbili (hili nimerudi kuliongeza pembeni), nitaieleza mwisho. Nimeamua kuandika kwa sababu Shangazi alikupigia simu kukupa habari kwamba picha yangu imewekwa dirishani, na wewe ukaniletea ule ujumbe wa kunisifu. Ulisema umejivuna mbele ya majirani, ukataka nikutumie nakala uitundike sebuleni. Nimeusoma ujumbe ule hadi nimeukariri, na kila nikitaka kukujibu vidole vinakuwa vizito. Kwenye simu ningekuchekesha mpaka usahau ulichouliza, unanijua. Karatasi haichekeshwi. Kwa hiyo vumilia mwandiko, na pale nilipokosea herufi mlaumu mwalimu wa hesabu.

Kwanza dirisha lenyewe. Studio yetu ina kioo kikubwa kinachotazama barabara, na nyuma ya kioo zimepangwa picha za kuvutia wateja. Pembeni wamo watoto wenye meno mapya na wahitimu wenye kofia za kuazima. Fremu kubwa ya katikati ilikuwa ya Bibi Harusi, picha aliyoipiga Bosi mwenyewe kabla mimi sijaota ndevu. (Usicheke. Ni chache lakini zina nidhamu.) Jua limemla yule bibi mpaka shela limekuwa rangi ya chai, na mwenye picha sasa ana watoto wakubwa, anapita hapo nje wala hajisalimii. Bosi alikuwa na neno moja juu yake, kwamba atashuka siku itakapokuja picha inayomzidi. Mwenzangu anayepiga picha za pasipoti alishakata tamaa. Mimi nilitangaza kwa kila aliyekuwa na masikio kwamba Bibi Harusi ataachika, na talaka nitaiandika mimi.

Sasa Sindano. Unamkumbuka Sindano, yule binti wa nyumba iliyokuwa nyuma yetu, mwembamba, mwenye maneno ya kuchoma, aliyekuwa na kitambaa kichwani kiangazi na masika. Wewe ulikuwa ukimwita kibarazani umsuke, naye anakimbia kama ameona nyuki, mpaka ukasema ana maringo. Basi siku hizi ni fundi wa mawigi, na sisemi fundi kwa sababu ni rafiki yangu. Amekodi chumba kimoja ghorofani. Ukutani ana rafu ndefu iliyojaa vichwa vya sponji, kila kichwa na wigi lake, na kila wigi na jina lake. Liko refu la kwenda juu linaloitwa Mheshimiwa, kwa sababu linasimama hata kama hakuna aliyeliomba lizungumze. Liko Shangazi Kaja, ambalo ukilivaa wote waliolala wanaamka wakae vizuri. Liko Mvua ya Jioni, linaloshuka mpaka mgongoni, na ncha zake amezitia shanga ndogo zinazotoa sauti ukigeuka. Anatunga mawigi jinsi watu wengine wanavyotunga mashairi, halafu ukimsifu anakuuliza kama umekosa kazi.

Alitaka picha zake mwenyewe. Kulikuwa na kikundi cha maigizo kilichotaka ashone mawigi ya mchezo mzima, kazi ambayo hajawahi kupata ya ukubwa ule, na wakubwa wa kikundi wakasema atume picha za kazi na za fundi pia, wamjue. Akaniambia hataki kwenda studio kuonekana kama kitambulisho. Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Bosi aliniazima kamera ya kazini siku ya mapumziko, kwa masharti marefu kuliko kamba ya kisima, nikapanda ghorofani.

Dada, sijawahi kufurahia kazi kama siku ile. Nilizima taa zote. Nikafungua dirisha la upande, nikatundika shuka jeupe ng'ambo yake ili lirudishe mwanga usoni. Bosi anapenda flashi, lakini flashi inampiga mtu kofi, na mwanga wa dirishani unabisha hodi kwanza. Mwanzoni Sindano alikaa kitini kama anayesubiri kung'olewa jino. Nikamwambia aache kunitazama, ashike kazi. Akachukua wigi lililokuwa nusu, akaanza kushona, na baada ya muda akanisahau. Hapo ndipo picha zikaanza kuja. Anaibana sindano kwa midomo huku anaongea, wala haijawahi kumchoma. Jicho lake moja hufumba kidogo uzi ukikataa kupita. Yeye akawa anashona, mimi nadokoa. Ndiyo kazi ya mpigapicha, Dada, udokozi, na wewe ndiye shahidi wa kwanza kwamba nilizaliwa nao.

Kisha akachangamka. Akawa anaingia nyuma ya pazia, anatoka na wigi jingine, na kila akitoka ni mtu mwingine. Akiwa na Shangazi Kaja alinikagua kucha. Akiwa na Mvua ya Jioni alijifanya hanijui, akaniuliza kama mimi ndiye kijana wa kubeba mizigo. Nilicheka mpaka kamera ikatikisika, nikapoteza picha nzuri kadhaa wala sikujali. Nilikuwa namwambia geuka, anageuka kabla sijamaliza neno, na yeye ananiambia sogea, kumbe ameuona mwanga kabla yangu.

Mwisho alitaka Mheshimiwa. Mheshimiwa hubanwa kwa vibanio vingi, na jua lilikuwa linaondoka, kwa hiyo akalivaa hivyo hivyo bila kubana. Nami, ili acheke, nikamwigiza Bosi anavyopanga watu wa pasipoti, inua kidevu, shusha kidevu, kidevu si chako ni cha serikali. Sindano akacheka kwa nguvu zake zote, kichwa kikaenda nyuma, na Mheshimiwa akajiuzulu.

Kidole changu kimezoea. Kilibonyeza kabla mimi sijajua nimeona nini.

Sindano hana nywele, Dada. Hata unywele mmoja. Aliinama, akaokota kitambaa, akakifunga taratibu, akakaza fundo. Hakulia. Aliniambia maneno mawili tu:

"Futa hiyo."

Nikainama kidogo juu ya kamera. Akauliza kama nimefuta. Nikamjibu kwamba nimefuta. Hakuomba kuishika kamera ahakikishe.

Akachemsha chai, akanisimulia mambo ambayo sikuyajua miaka yote tuliyopigana kwa maganda ya machungwa. Haumwi. Nywele zilimwacha tu akiwa mdogo, na madaktari wakasema huenda zikarudi, huenda zisirudi. Siku moja kwenye shule yake ya kwanza, kabla hawajahamia nyuma yetu, wenzake walimnyang'anya kitambaa wakakirusha juu ya paa, akarudi nyumbani na mkoba wa madaftari kichwani. Wigi la kwanza alilishona kwa nyuzi alizofumua kwenye sweta kuukuu la mama yake. Kwa hiyo zile mbio alizokukimbia wewe na kitana chako hazikuwa maringo. Alipomaliza alinijazia kikombe, akasema:

"Sasa mko wawili. Mama na wewe."

Akaniruhusu nimpige nyingine chache akiwa na kitambaa, na alikuwa mwepesi kuliko mwanzo, kama aliyeshusha mzigo. Nilishuka ngazi zile nikipiga mluzi.

Sasa naona umeshaanza kukunja uso. Kunja tu.

Picha iliyokuwa dirishani, uliyojivunia mbele ya majirani, ndiyo ile.

Nisikudanganye kwamba Bosi aliiona kwa bahati. Mimi ndiye niliyemwita. Nilizihamisha picha zote kwenye kompyuta ya studio, nikampitisha kwenye zile za kushona na zile za pazia, akawa anaitikia kwa pua. Nilipofika kwenye ile nikanyamaza makusudi, kama mtu anayefunua sahani. Wigi liko hewani kama kuku aliyeruka ua. Mkono mmoja unalifuata, vidole vimetanuka. Macho yamefumba, mdomo uko wazi, na mwanga wa dirishani umekizunguka kile kichwa chote, kizuri, Dada, kizuri kabisa, hakuna aliyewahi kukiona kwa sababu amekificha tangu utotoni. Bosi alivua miwani. Aliitazama kitambo, halafu akaenda dirishani, akamshusha Bibi Harusi.

Nilijiambia mengi siku ile. Nilijiambia hakuna atakayemtambua. Watu wanaijua nyumba kwa mti wake, ukiukata mti wanapita moja kwa moja. Nikajiambia hata mama yake angepita. Ile rafu ya vichwa ilikuwa inaonekana nyuma yake, Mvua ya Jioni na Shangazi Kaja wote wamo, ni sawa na kuandika jina. Niliiona. Nikajiambia imefifia. Ukitaka kitu sana, hata kibao cha mlangoni hukisomi.

Watu wakaanza kusimama. Wengine walibandika paji la uso kwenye kioo ili waone vizuri, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nakikuta kimejaa mafuta ya nyuso na alama za vidole, nami nachukua kitambaa changu cha njano, natoka nje kukisafisha, taratibu, ili wapita njia wajue mwenye picha ni nani. Ndivyo Shangazi alivyonikuta. Ndivyo na Sindano naye alivyonikuta.

Alikuwa amekuja kuchukua picha zake apeleke kwa wale wa maigizo. Alikuwa amevaa Mvua ya Jioni. Nilisikia zile shanga nyuma yangu kabla sijageuka. Nilipogeuka nilimkuta amesimama, hanitazami mimi, anatazama fremu ya katikati. Pembeni yake walikuwapo wasichana wa saluni ya jirani nao wanaangalia, halafu mmoja akamtazama Sindano, akarudi kwenye picha, akamtazama tena, akamgusa mwenzake kiwiko.

Sindano akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ninafanya nini.

Dada, mimi ninayejulikana kwa majibu, kilichonitoka ni kile kile nilichokuwa nafanya. Nikasema, "Nafuta."

Alikitazama kile kitambaa cha njano mkononi mwangu. Alikitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama picha. Nikaona kwenye uso wake amekumbuka kitu.

"Haya," akasema. "Endelea kufuta."

Akaondoka, na sikumsikia akiharakisha. Zile shanga zilienda zikipungua mpaka kona.

Niliingia ndani nikamwambia Bosi ukweli wote, kwamba mwenye sura hakutaka. Hakunigombeza. Aliitoa picha, akamrudisha Bibi Harusi, akaketi. Tangu hapo ananituma kazi kupitia kwa yule wa pasipoti, kana kwamba mimi nazungumza lugha nyingine. Nakala ile niliikatakata, na ya kwenye kompyuta niliiondoa mbele yake. Lakini watu walikuwa wameshaipiga kwa simu kupitia kioo. Hiyo huwezi kuikimbilia.

Unataka kujua imemfanya nini Sindano. Wasichana wa saluni wanasema fundi anauza asichokuwa nacho. Hao ni afadhali. Wabaya zaidi ni wanaompenda. Wanapanda ghorofani na matunda, wanamshika mikono, wanampa pole, wanamtajia dawa. Mtu mzima wa afya, Dada, anapokea pole kama amefiwa na nafsi yake. Na wale wa maigizo walimpigia simu. Hawakutaka mawigi tena. Walitaka yeye mwenyewe aje jukwaani bila wigi, aigize mgonjwa, maana wameona ana sura ya kuliza watu. Aliwashukuru, akakata simu. Kazi ile ndiyo imekwenda hivyo.

Nilikwenda kwao kuomba msamaha. Mama yake alifungua mlango kwa upana wa uso wake. Nilishika magoti, nikaanza maneno niliyoyapanga njiani, akaniacha nifike katikati, kisha akasema:

"Aliponiambia amepata wa pili, nilifurahi. Nilijua nikifa hatabaki peke yake."

Akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningelala.

Sasa najua swali lako, nalisikia kutoka huku. Kwamba nilimwambiaje mtu nimefuta na sikufuta. Hapa ndipo penye aibu yangu, na nimezunguka kurasa hizi zote ili nisipafikie.

Nilifuta, Dada. Alipoinama kuokota kitambaa chake, mimi nilitoa changu cha njano mfukoni, nikaifuta lenzi. Nikaifuta vizuri, duara duara, ikang'aa. Aliponiuliza kama nimefuta, nikamjibu nimefuta, na moyoni nikajipongeza kwamba sikusema uongo. Hakuniuliza nimefuta nini. Aliniona na kitambaa, akadhani ninapangusa jasho. Kisha nikakaa nikanywa chai yake, nikasikiliza habari ya kitambaa kilichorushwa juu ya paa, huku picha ikiwa tumboni mwa kamera, mapajani mwangu.

Unakumbuka uliponiita Wakili kwa mara ya kwanza? Nyama ya Mama ilipotea jikoni, ukanibana ukutani, nikaapa kwamba sijaigusa. Baadaye nikakiri, sikuigusa, nilitumia uma. Ulicheka mpaka ukasahau kunichapa, ukawaita majirani waje wamwone wakili wa familia. Sikulaumu, Dada, hata kidogo. Nakwambia tu kwamba nimekula kwa ule uma tangu siku ile, na kila aliyecheka nilimwona amenipa leseni.

Na lile la gundi. Picha bado ipo. Ya kwenye kompyuta imekwenda, ya fremu imekwenda, lakini ya asili iko kwenye kadi ya kamera, kile kipande kidogo kama ukucha. Bosi aliiona imeharibika pembeni, akaniambia niitupe. Sikuitupa. Nimejaribu kuifuta, kufuta kwa kweli, kidole kimefika kwenye kitufe kikakataa, kwa sababu ndiyo picha bora niliyowahi kupiga, na naogopa ndiyo bora nitakayowahi kupiga. Basi nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango. Kadi ilikuwa humu ndani ya bahasha, nimeikunjia kwenye karatasi. Nilitaka uniwekee, chini ya nguo zako. Kisha niende kwa Sindano nikamwambie, kwa mdomo mkavu, kwamba mimi sina ile picha. Na ingekuwa kweli. Ingekuwa kwako.

Nilishabandika bahasha. Nilikuwa mlangoni kwenda posta niliposikia jinsi lile neno "sina" lilivyonikaa vizuri mdomoni, laini, kama "nimefuta". Nikarudi, nikaipasua, nikaitoa kadi, nikakaa tena kukuandikia ukurasa huu.

Nilitaka pia nikuombe uje unisemee kwake, wewe dada mkubwa, mtu mwenye heshima zake. Usije. Ukija utasema vizuri, na mimi nimekwisha kusemewa vya kutosha na mdomo wangu. Nikitoka posta nitapanda ngazi zile na kamera ya Bosi, kadi ikiwa ndani, nimkabidhi mkononi. Aifute yeye, aiache yeye, airushe juu ya paa akitaka. Akiniuliza swali lolote nitamjibu lile aliloniuliza, si lile linalonifaa. Asiponifungulia, nitakaa kwenye ngazi mpaka atoke, na akitoka akanipita nitajua jibu.

Kwa hiyo nakala ya sebuleni hutaipata. Pale ukutani tundika kalenda. Majirani wakiuliza, waambie ukweli wote, hata ule unaonivua nguo.

Nisalimie Shemeji sana na goti lake. Watoto wabusu, yule mkubwa mwambie mpira utakuja, na safari hii nimesema mpira, sikusema kitu cha duara. Mama umwambie unavyoona inafaa. Shangazi nitamwambia mwenyewe.

Bahasha itikise ukipenda. Ikiwa haina kitu zaidi ya karatasi, ujue nimekwenda.

Ni mimi mdogo wako mtiifu kwa kuchelewa,

aliyekuwa Wakili.